Mpira Uliosimama Saa ya Alasiri

Baba alinituma pwani nikauze shamba, nami nikaishia kwenye benchi la ukumbi wa video Ukunda, nikitazama vijana wawili wakicheza mpira wa kwenye televisheni. Nikiisimulia hivyo watu hucheka. Baba mwenyewe alipoisikia mara ya kwanza alidhani namficha jambo. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na yote tuliyoyafanya nyumbani kwetu mwaka huo yalitokana na alasiri ile.

Shamba lenyewe lilikuwa upande wa Mkongani, ardhi ya skimu ya serikali ambayo baba aliipata alipoteremka kutoka Ukambani, kabla sijazaliwa. Mimi nilizaliwa hapohapo, chumba cha nyuma, mkunga akiwa jirani yetu Mdigo ambaye mpaka leo mama humtaja kwa heshima. Tulikuwa na michungwa, mikorosho, na minazi michache ambayo baba hakuwahi kuielewa. Aliitunza kama mtu anayetunza ng'ombe wa kuazima. Kanisani tulikwenda Jumapili, madrasani rafiki zangu walikwenda siku nyingine, na michezo yetu yote ilikuwa katikati ya hayo.

Kisha ukaja mwaka wa fujo, watu wa bara wakaambiwa warudi kwao. Sitayaeleza mambo ya siku zile. Waliokuwepo wanayajua, na wasiokuwepo hawatayajua zaidi nikiyaeleza. Tulibeba tulichoweza tukaenda Voi kwa shangazi, na huko kila mtu alituuliza kwetu ni wapi. Ukisema Mkongani wanakuonea huruma, ukisema Ukambani wanakuuliza kijiji gani, nami sikukijua kijiji. Nilianza kuwa na hasira za karibu wakati huo. Mtu akiniuliza kwetu wapi, nilijibu kama aliyenikanyaga.

Mwaka wa pili baba alichoka kuishi kwa watu. Alikuwepo mtu Ukunda, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuwa akinunua korosho zetu tangu nikiwa mdogo, naye alileta habari kwamba yuko tayari kulichukua shamba. Baba hakutaka kwenda mwenyewe. Alisema miguu inamuuma, na miguu yake kweli ilikuwa ikimuuma, ila si hiyo iliyomzuia. Akanikalisha chini akaniambia, "Nenda ukaone kwa macho yako. Ukiona panakalika, niletee habari hiyo, turudi. Ukiona hapakaliki, muuzie, tumalize."

Nilitakiwa kwenda na kaka yangu, lakini mkewe alijifungua wiki hiyohiyo. Basi nikaenda peke yangu, na mzigo wa kuamua nikaubeba peke yangu. Nasema kweli, sikuubeba mbali. Feri ya Likoni haijagusa ng'ambo nami nilikuwa nimeshaamua: nitauza. Sitapanda Mkongani kuangalia chochote. Nitakwenda Ukunda moja kwa moja, nitazungumza na mwenye duka, nitarudi Voi siku ya pili yake. Nilipowaza kuiona ile nyumba yetu, niligeuza uso nikatazama baharini.

Mwenye duka nilimkuta anapima misumari. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, kofia yake ya kiua imekaa sawa kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza hali ya baba, ya mama, ya kaka, ya mtoto niliyemwambia amezaliwa wiki ile, na ya miguu ya baba. Mimi nilikuwa nataka tuingie kwenye jambo letu. Yeye hakuwa na haraka hata kidogo.

"Mambo ya ardhi hayazungumzwi mtu akiwa amesimama, mwanangu," akaniambia. "Ngoja tuswali alasiri, kisha tutaketi. Hapo ng'ambo kuna gemu leo, nenda kapumzike kwa yule mama. Ni mtu mzuri, hatakuacha na njaa."

Niliangalia ng'ambo ya barabara. Ukumbi wa video ulikuwa nyumba ya mabati yenye mlango mmoja, na mlangoni palitundikwa kipande cha katoni kilichoandikwa kwa mkaa: LEO GEMU, UKUNDA NA MSAMBWENI. Kelele zilizotoka ndani zilikuwa za watu wengi, na mimi tangu zile fujo, kelele za wanaume wengi mahali pamoja zilinipa baridi. Isingekuwa jua la saa tisa na aibu ya kusimama barazani pa mtu, nisingekwenda.

Gemu zenyewe hazikuwa ngeni kwangu. Kaka yangu alikuwa na kibanda cha gemu Voi, karibu na stesheni, mashine moja na televisheni ndogo yenye rangi iliyofifia. Mimi ndiye niliyepanga foleni ya watoto wa shule, na jioni wakishaondoka tulicheza sisi wawili mpaka vidole vikawaka. Nilikuwa nikimfunga, hata kama yeye leo atakana. Lakini popote palipokuwa na mashindano nilikwenda naye, nimekaa nyuma yake, nimejificha kidogo. Siku hizo mwanamke hakuingia ukumbi wa gemu peke yake, na mwanamke wa safari ndiyo kabisa. Nilivuka barabara nikiwa nimeukumbatia mfuko wangu kama mtoto mchanga.

Mama mwenye ukumbi alikuwa mlangoni anakaanga viazi karai. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya chini iliyosikika kuliko za wote waliopiga kelele. Nilipomwamkia aliniangalia juu mpaka chini, bila ubaya.

"Marahaba mwanangu. Watoka wapi?"

"Voi," nikajibu.

"Mwendo huo. Ingia, keti hapa karibu na mimi, wale huko mbele watakukanyaga bure."

Alinisogezea kigoda ndani ya mlango, akanipa sahani ya viazi na ukwaju kabla sijaomba. Nikaketi. Kutoka pale niliona kila kitu, maana mama alikuwa amepachagua mahali pake kama rubani.

Ukumbi ule mumewe aliufungua zamani kwa mikanda ya Kihindi, na deki ya mikanda bado ilikuwapo kwenye rafu, imefunikwa. Juu ya televisheni palikunjwa kitambaa cheupe alichokifuma mama mwenyewe, cha kuifunikia isipotumika. Mashine ya gemu waliachiwa na Mjerumani mmoja aliyekuwa akija Diani kila mwaka, ambaye mara ya mwisho alisema hatakuja tena. Wengi hawakuja mwaka ule. Nusu ya hoteli zilikuwa zimefunga, na nusu ya waliokuwa mle ukumbini walikuwa wapishi, watandika vitanda, na watunza bustani waliokuwa wakingoja kuitwa kazini. Niliwaona walivyokaa na nikawafahamu. Nasi Voi tulikuwa tukikaa hivyohivyo.

Wachezaji walikuwa wawili. Wa Msambweni alikuwa fundi cherehani, amevaa shati alilojishonea, kimya, anabonyeza pedi kwa vidole vyepesi. Wa Ukunda alikuwa mhudumu wa hoteli iliyofungwa, mrefu, mcheshi, kila akikosa bao anageuka kuwaomba radhi watu wake. Mmoja alichukua Brazili na mwingine Naijeria. Upande utakaofungwa ulipaswa kupika pilau, na upande utakaoshinda uje na mikono mitupu. Hilo lilionekana jambo dogo mpaka ukiwasikia wanavyolizungumza.

Mashine ilikuwa na mtangazaji wake wa Kiingereza, lakini walimzima sauti kwa sababu walikuwa na wao. Huyu alikuwa mbeba mizigo wa hoteli, mwembamba, ameketi juu ya kreti ya soda, ametoa kifua.

"Anaukokota, anaukokota, mlinzi anaachwa anauliza njia," akasema. "Huyo hapo, mabibi na mabwana, anaingia kwenye kumi na nane bila kubisha hodi. Anapiga. Lo, amempa mlinda mlango zawadi."

Nilicheka. Nilijisikia nacheka, nikashangaa, nikanyamaza. Kisha fundi cherehani akafunga bao la pili, ubao ukasoma mawili kwa moja, upande wa Msambweni ukasimama wote kwa pamoja, nami nikajikuta nimesimama nao bila sababu. Mama akanivuta leso niketi.

"Wewe nawe u wa Msambweni?" akanitania.

"Mimi nafuata mchezo tu, mama."

"Hivyo ndivyo wasemavyo wote."

Dakika za mwisho za mchezo, mhudumu wa hoteli akapata mpira pembeni. Akamvuta mlinzi, akakata ndani, akapiga. Mpira ulikuwa hewani adhana ya alasiri ilipoanza msikitini. Ilikuwa kanuni ya ukumbi, tena haikuhitaji kutangazwa, kwamba adhana ikilia kidole kinabonyeza kitufe cha kusimamisha hapohapo, hata uwe peke yako na goli. Fundi cherehani akabonyeza. Picha ikasimama. Mpira ulikuwa umefika kwenye mstari, mlinda mlango amenyoosha mkono nyuma yake, na mtu hangeweza kujua kwa kutupa jicho kama umeingia au haujaingia.

Hakuna aliyebisha. Waliinuka, wakavaa ndara zao, wakatoka kwenda msikitini, wengine wakigeuka mlangoni kuitazama ile picha mara moja tu. Mwenye duka nilimwona akipita nao barabarani. Mle ndani tukabaki watu wa kanisani, nasi tulikuwa wawili: mimi, na kijana mmoja wa bara aliyekuwa akifanya kazi ya bustani hotelini. Nilisogea mbele nikainama kwenye kioo nikautazama mpira ule. Niliutazama vizuri. Kwa mtu aliyecheza mchezo ule jioni ngapi sijui na kaka yake, mahali mpira uliposimama palikuwa wazi. Nikarudi kwenye kigoda changu na viazi vyangu nikiwa na jibu.

Mama aliingia akifuta mikono kwa leso. Nilikuwa nimeinamia sahani. Nikasikia swichi ya ukutani ikilia, nikainua macho, na kioo kilikuwa cheusi. Alichomoa waya, akakunjua kile kitambaa cheupe akaifunika televisheni, akakinyoosha pembe zake, kisha akaingia chumbani kwake kuswali.

Ilinichukua muda kuelewa kwa nini amefanya hivyo, na nilipoelewa nilimhurumia kabisa. Miaka yote ya mikanda alikuwa akifanya vilevile. Adhana ikilia anazima umeme, anafunika, anaswali, na watu wakirudi anawasha, na Mhindi anaendelea kuimba palepale alipokatizwa, kwa sababu mkanda hukaa uliposimama. Mashine ile haina mkanda. Ukiizima umeme inasahau yote. Nani angemwambia, wakati adhana ya usiku ilimkuta chumbani kwake, na vijana waliiacha ikiwa imesimama na kurudi kabla hajatoka? Siku zote gemu zilikuwa za asubuhi na usiku. Hii ya alasiri ilikuwa ya kwanza kwa sababu ya wageni wa Msambweni.

Kijana wa bara alishika kichwa.

"Sista, mathe ameua gemu," akasema. "Hiyo goli sasa itajulikana aje? Wasee wakirudi hapa kutawaka."

"Watacheza upya," nikasema.

"Ulikuwa hapa ile time ya noma, watu wakifukuzwa?"

Nikauvuta mfuko wangu mapajani.

"Mimi nilikuwa. Na nimerudi juu ya kazi tu. Siwezi kaa mahali watu wanazozana." Akavaa kofia yake. "Toka mapema, sista. Si lazima uwe hapa."

Akatoka. Alikuwa na akili, nami nilitamani kumfuata. Mfuko wangu ulikuwa mapajani tayari. Lakini mwenye duka alikuwa ameniambia ningoje hapo, na nikitoka ningekwenda wapi, nikasimame barabarani? Tena palikuwa na yule mama chumbani, anaswali kwa utulivu, hajui alichofanya. Nilimwogopea. Nilikaa kwa ajili ya mambo hayo mawili, na sijui lipi lilikuwa kubwa zaidi.

Alipotoka nilimweleza polepole. Hakunielewa kwanza. Kisha akaenda akafunua kitambaa, akarudisha waya, akawasha, na mashine ikaanza kujitambulisha kwa nyimbo na rangi kama kwamba haijawahi kutuona. Akakaa kwenye benchi la mbele, mikono mapajani.

"Nimewavunjia mchezo," akasema. "Wametoka Msambweni watu wale."

Nikaketi karibu naye. Ndipo wakaanza kurudi.

Mwanzoni walicheka. Mtangazaji alisema mabibi na mabwana uwanja umekumbwa na giza la ghafla, na hata mama akatabasamu. Lakini mtu mmoja wa Ukunda akasema lile bao la kusawazisha lilikuwa limeingia, kwa hiyo waanze wakiwa mawili kwa mawili. Mtu wa Msambweni akasema liliingia wapi, mpira ulikuwa mikononi mwa mlinda mlango, mchezo ulikwisha, pilau iko kwenu. Mwingine akasema fundi amebonyeza kitufe mapema kwa ujanja. Mwingine akauliza, wamwita mtu mjanja kwa kuheshimu adhana? Hapo sauti zikabadilika. Wote walisimama. Benchi lilianguka. Nikapima kwa macho umbali wa mlango. Mama aliinua mkono, hawakumwona.

Ndipo mbeba mizigo akapanda juu ya kreti yake.

"Nyamazeni. Sisi sote tulikuwa msikitini. Kuna mtu aliyebaki humu na ile picha." Akanyoosha mkono kwangu. "Tumuulize mgeni. Dada huyu ni msafiri, hana upande. Atakachosema, tutakikubali."

Wakageuka wote. Wakakubali haraka, wa huku na wa huku, maana lilikuwa jambo la haki. Mtu mmoja mwenye sauti ya upole, na nia yake ilikuwa kunisaidia, akaongeza, "Sema tu, dada, usiogope. Mgeni hana lake hapa."

Jibu lilikuwa kwenye ulimi. Nilijua mpira ulikuwa wapi. Ningelisema, mambo yangekwisha, ningetoka na mfuko wangu nikauza shamba. Lakini yale maneno yake ya mwisho yalinichoma mahali ambapo pamekaa bila kupona tangu tuondoke. Hana lake hapa. Nilikuwa nimeambiwa hivyo kwa ukali, nikakimbia. Sasa nilikuwa nikiambiwa kwa wema, na niliona kwamba nikitoa ushahidi ule nitakuwa nimeyatia sahihi kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Mimi si mgeni," nikasema. Ilitoka kwa hasira kuliko nilivyotaka. "Lipo langu hapa. Mimi ni wa Mkongani."

Mama akanigeukia.

"Mbona uliniambia Voi?"

"Voi ndiko ninakolala, mama. Kwetu ni Mkongani. Nimezaliwa kule."

Mtu mmoja nyuma akanong'ona kitu kuhusu watu wa bara, sikukisikia chote. Mtu mzima mmoja, mwenye ndevu nyeupe kidogo, hakumjali. Aliniuliza kwa Kidigo, taratibu, nyumba yetu iko upande gani wa kisima. Nikamjibu kwa Kidigo. Kidigo changu ni cha shambani, kizito, nilijifunza kwa kuchunga mbuzi na watoto wenzangu, na nilikuwa sijakitamka muda mrefu. Nilipomaliza, kicheko kilianza kwa mtu mmoja kikaenea ukumbi mzima, na hakikuwa cha kunidhihaki. Walicheka jinsi watu wa mjini wanavyomcheka binamu yao aliyeteremka kutoka shamba.

Nikataka kusema nilichokiona. Nilikuwa nimefungua mdomo. Mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni muda wote, kofia yake mkononi, naye ndiye peke yake mle ndani aliyejua nimekuja kufanya nini. Angeweza kunyamaza. Ilikuwa na faida kwake kunyamaza.

"Ngojeni," akasema. "Huyu baba yake ana shamba Mkongani, korosho zake nimezinunua mimi mwenyewe. Mwenye shamba Mkongani si mgeni. Ushahidi wake haufai."

"Haufai," mtu wa Msambweni akakubali mara moja. "Ana upande huyu. Mkongani huteremkia Ukunda sokoni, atawapendelea."

"Sisi?" akasema mtu wa Ukunda. "Tangu lini Mkongani ikawa yetu? Mkongani ni Matuga, si huku kwetu. Hao hata mpira wa miguu walitufunga kwa hila."

"Na bao la pili la Msambweni alisimama akashangilia, mimi nilimwona."

"Basi ni wenu, mchukueni."

"Hatumtaki, atatuletea Matuga yote tulishe pilau."

Wakaanza kubishana mimi ni wa upande gani. Walibishana kwa bidii kuliko walivyobishania bao. Kila mmoja alinisukumia kwa mwenziwe, na kila mmoja alipokaribia kukubaliwa akageuka akanidai. Mimi nilikaa kwenye benchi la mbele nikalia. Nililia wazi, sikujificha, na kwa kuwa walikuwa wakicheka walidhani nacheka nao, na kweli nilikuwa nafanya yote mawili. Mama peke yake aliona. Alinipa pembe ya leso yake bila kuniangalia.

"Amekula kwangu," akawaambia. "Ni wa Ukunda. Tena mchezo unaanza upya, sifuri kwa sifuri, na adhana ijayo mtu asiniachie hii mashine bila kuniambia inataka nini. Haya, ketini."

Wakaketi. Hakuna aliyewahi kuniuliza tena mpira ule ulikuwa wapi, siku hiyo wala baadaye.

Walicheza upya. Sasa nilikuwa na upande, kwa hiyo niliteseka kama wengine. Mhudumu wa hoteli alifunga mapema, akasawazishiwa, na mwisho fundi cherehani, bila kubadilisha uso wake, akafunga bao ambalo mtangazaji alilitangaza kwa huzuni ya kweli. Ukunda tulifungwa. Nilisikitika hata chakula cha usiku kikanipita, nami jana yake nisingejali kama Ukunda yote imezama baharini.

Mwenye duka alinisubiri nje. Alikuwa amekwisha kufungua kufuli ya duka lake, lakini hakunikaribisha ndani tuketi kama tulivyokubaliana.

"Utalala wapi leo?" akauliza.

"Mama amesema nilale kwake. Pilau inapikwa kesho, amesema nimenye vitunguu."

"Vizuri." Akazungusha ufunguo mkononi. "Msalimie baba. Mwambie msimu wa korosho ukifika, bei tutazungumza kama zamani."

Hakuniuliza tena habari ya shamba, na mimi sikumkumbusha. Nilitaka kumshukuru, nikashindwa nianzie wapi, nikamwambia shikamoo kwa mara ya pili siku hiyo. Akaitikia kama kwamba ni ya kwanza.

Nilirudi Voi baada ya kumenya vitunguu. Baba alikuwa ameketi nje ya nyumba ya shangazi, miguu juu ya kiti cha pili. Hakunipa hata nafasi ya kuweka mfuko chini.

"Umeuza?"

"Sikuuza."

"Umeliona shamba?"

"Sikufika."

Baba si mtu wa kupandisha sauti, ila niliona amekasirika, na alikuwa na haki. Alinituma nikaone kama panakalika, nami narudi namwambia sikufika. "Sasa umejuaje?" akauliza.

Nikamweleza yote, gemu, adhana, kitambaa, mpira uliosimama. Alisikiliza kama mtu anayesubiri mazungumzo yaanze. Nilipofika pale walipoambiana kwamba ushahidi wangu haufai kwa sababu mimi ni wa pale, akateremsha miguu kutoka kwenye kiti.

"Walikukataa?"

"Walinikataa, baba. Wote."

Uso wake ulitetemeka kidogo pembeni mwa mdomo, akageukia ukuta mpaka ukatulia. Kisha akamwita mama, akamwambia aanze kufunga vyombo.